Ukifika Bagamoyo, Jibu Utani

Ipo siku moja ya Bagamoyo ambayo nikiikumbuka hata leo, nikiwa nafua au nikiwa kwenye foleni, najishika uso kwa aibu. Nakuandikia wewe, mwanangu Hamisi, kwa sababu wiki ijayo unapanda treni hapa Tabora kwenda kuanza chuo Dar es Salaam, na namjua mama yako: hatakuacha uondoke bila kifurushi cha kupeleka Bagamoyo. Na usicheke ninapokuita mwanangu. Nimekuzidi miaka saba tu, lakini mama yako ni dada yangu wa tumbo moja, kwa hiyo mimi ni mama yako mdogo, utake usitake.

Nilikuwa nimemaliza chuo na kukaa nyumbani Mtendeni zaidi ya mwaka, natuma maombi ya kazi na kusubiri. Hatimaye nikaitwa kwenye usaili Dar. Babu yetu alikuwa ametoka kupasuliwa mguu pale hospitali ya Kitete, bado anatembea kwa kushika ukuta. Aliniita, akanipa kidumu cha asali na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa.

"Ukimaliza huo usaili wako, nenda Bagamoyo kwa Kibwana," akasema. "Kaa siku mbili tatu, upunge upepo, maana umekonda kwa mawazo. Mpe hivi. Lakini mguu wangu usiutaje. Yule ana presha, atahangaika bure."

Babu Kibwana unamsikia tu. Ni Mzaramo, walifahamiana na babu ujanani walipokuwa vibarua wa reli. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, wazee wetu walipotembea kwa miguu kutoka huku hadi pwani na mizigo mabegani. Hayo niliyajua. Niliwahi hata kuyaandikia mtihani nikafaulu. Kuyajua kwenyewe hakukunisaidia kitu.

Usaili ulikwenda vibaya, au mimi niliona umekwenda vibaya. Waliniuliza najiona wapi baada ya miaka mitano, nikanyamaza nikifikiria miaka mitano inaanzia kuhesabiwa lini. Nikapanda basi la Bagamoyo na nguo zile zile, sketi nyeusi na blauzi nyeupe, kichwani narudia kila jibu nililokosea.

Bagamoyo si mbali na Dar, lakini ukishuka unaona umefika nchi nyingine. Hakuna anayekimbia. Wanaume wamekaa barazani wanacheza bao, milango mikubwa ya zamani iko nusu wazi, mchanga umeingia hadi mtaani na upepo wa bahari unapita kama mwenyeji. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilijiona kama nimekuja na haraka ya watu wengine na sina pa kuitua.

Nikamkuta Babu Kibwana mlangoni kwake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Haya, Wanyamwezi wameingia mjini! Mzigo uko wapi, mpagazi? Umeacha pembe za ndovu njiani? Tangu lini Mnyamwezi akafika pwani bila kupinda shingo?"

Mwanangu, nilijua ni utani. Lakini nilianza kupima: nikimjibu, mzee wa umri huu, siku ya kwanza, si nitaonekana sina adabu? Na nikijibu vibaya? Na kile kidumu changu, ambacho zamani kilikuwa cha mafuta ya kula na bado kina kibandiko chake, nikitoe sasa au nisubiri tukae? Nikapima weee, mpaka nikajikuta nimeinamisha kichwa nimenyamaza.

Akanitazama. Akajaribu tena, sauti imeshuka kidogo. "Na yule mpagazi mwenzio, babu yako wa Tabora, hajambo?"

Hapo ndipo nilipovurugika kabisa. Nikisema hajambo, namdanganya mzee, maana mguu una nyuzi. Nikisema anaumwa, navunja agizo la babu. Nikatafuta neno lisilo la uongo wala la kutoboa siri.

"Tunamshukuru Mungu, babu," nikasema, macho chini.

Mkewe, Bi Zena, akanikaribisha ndani. Akaleta wali wa nazi na samaki wa kupaka. Hamu ya kula sikuwa nayo tangu usaili, nikasema nimeshiba. Akaniambia nilete begi aliweke chumbani, nikasema aniachie tu, nitakaa nalo. (Kidumu kilikuwa humo, na kibandiko kile nilikionea aibu.) Nikakaa kwenye ncha ya kiti, begi mapajani. Bi Zena akamtazama mumewe, mumewe akavaa kofia akatoka.

Nikajua nimewaudhi. Nikaomba nikatembee kidogo ufukweni, nikidhani wakipumzika na sura yangu watanisamehe.

Kule ufukweni watu walikuwa wamejinyoosha kivulini, watoto wanacheza mpira, mama mmoja anakaanga samaki. Nikasimama karibu na karai lake nikijifanya nachagua. Akanitazama kutoka viatu hadi kichwa.

"Wewe ndiye mgeni wa kwa Mzee Kibwana?"

"Ndiyo, mama."

Akaweka kijiko chini. "Pole sana, mwanangu. Kazi ya Mungu haina makosa. Wanasema yule rafiki yake alikuwa mtu wa watu. Mmemzika lini?"

"Tumemzika nani?"

"Si babu yako?"

Sikumbuki kama niliaga. Nilikimbia, na nadhani mimi ndiye mtu wa kwanza kukimbia Bagamoyo mwaka ule, maana hata wacheza bao walisimama.

Uani kwa Babu Kibwana mikeka ilikuwa imetandikwa. Wazee wanne wamekaa, Bi Zena amejitanda kanga mpaka usoni. Mlangoni pana mfuko wa safari umefungwa kamba. Babu Kibwana amekaa katikati, mkono mmoja kifuani, na machozi yanamtoka bila sauti.

"Njoo, mjukuu wangu," akasema. "Nimekuitia wazee, ili usiubebe peke yako. Simu yake sijaipata wiki nzima, nikajua kuna jambo. Umekuja na nguo nyeusi, hula, begi hulitui, utani hujibu. Sema sasa. Mimi nimeshajikaza."

Ndipo nikaelewa, mwanangu. Kwetu na kwao pia, mpeleka taarifa ya kifo hivyo ndivyo anavyoingia: hali, hatui, hacheki, anasubiri wazee wakusanyike. Niliingia nyumba ya mtu mwenye presha nikafanya kila kitu afanyacho mpeleka msiba, nikidhani nafanya adabu.

"Babu hajafa!" nikapiga kelele. "Simu iko kwa fundi! Ni mguu tu, amepasuliwa mguu!"

Hakuna aliyenyanyuka. Hawakuniamini. Nikampigia mama, nikaweka sauti kubwa. Mama akampa babu.

"Nani huyo?"

"Mimi," akasema Babu Kibwana, na sauti ikakatika hapo hapo.

"Kibwana? Mbona unalia? Mnazi umekuangukia?"

"Wameniambia umekufa."

Kisha babu yetu akasema, taratibu, "Na wewe ukatandika mikeka haraka haraka ule pilau. Mzaramo wewe! Nisubiri basi nife kwanza!"

Wazee walicheka mpaka mmoja akalala kwenye mkeka. Babu Kibwana alitaka kujibu akashindwa. Alikuwa analia na kucheka pamoja, anaipapasa simu yangu kama bega la mtu.

Simu ilipokatwa akanigeukia. Nilitegemea ukali, nikapata kitu kigumu zaidi.

"Kalunde, mimi nilikutukana ili nijue kwenu mko salama," akasema. "Ungenitukana na wewe, ningekaa kwa amani. Ukinyamaza unanifungia mlango, nami niko nje na hofu yangu. Ulikuwa unaogopa nini?"

"Kukosea, babu."

"Sasa umeona kukosea kulivyo. Haya, faini. Nitukane mbele ya wazee hawa."

Nilijaribu mara mbili nikashindwa. Bi Zena akanifinya. Ya tatu nikasema, "Nyie Wazaramo, mmekaa kuitazama hii bahari tangu dunia iumbwe, bado tu hamjaimaliza?"

Akapiga goti kwa kiganja. "Sasa ndiyo umefika. Zena, mletee wali."

Nikala sahani mbili. Asubuhi nikaukuta mfuko wake wa safari uko pale pale mlangoni. Nikauliza mbona haufunguliwi. Akasema umeshafungwa, na aliyekuwa akimfuata yupo hai, sasa afungue ili iwe nini? Tukaja naye Tabora. Alikaa hapa Mtendeni siku kumi na mbili, wakitukanana na babu kutoka chai ya asubuhi hadi swala ya isha. Wewe ulikuwa shuleni bweni.

Babu alipotutoka kweli, Kibwana alikuwa hawezi tena safari. Mimi ndiye niliyempigia. Safari hii nilisema kwa sentensi ya kwanza kabisa. Akasema, "Sina deni naye la maneno. Mengine yote tulimalizana."

Basi nakuomba, mwanangu, maana wewe umenirithi kichwa hiki cha kuchemka. Ukifika kwa watu, toa salamu, toa ulichotumwa, kula ulichopewa. Ukitaniwa, jibu, hata kama jibu lako ni bovu. Kama kuna jambo huwezi kulisema, sema kwamba huwezi kulisema. Usimwachie mwenzio alikamilishe mwenyewe, kwa sababu atalikamilisha kwa lile analoliogopa kuliko yote. Adabu unayoipima kichwani peke yako, yule aliye mbele yako haioni. Anachokiona ni uso uliofungwa.

Mungu akufikishe salama, akukutanishe na watu watakaokucheka bila kukudharau, na akupe mdomo wa kuwajibu. Nenda, mwanangu. Ukifika, piga simu siku hiyo hiyo.