Tiketi Zilizoamshwa Kila Jumamosi

Siku yangu ya kwanza kazini, kabla sijajua hata stuli ya karani iko wapi, mkagua tiketi mwenye masharubu mapana kama ufagio aliniambia jambo nililolishika kama Maandiko: tiketi ya mwezi ikikaa siku mbili bila kuona garimoshi, hulala, na ikishalala haiamki tena. Niliamini yote. Nilikuwa nimetoka tu kumaliza ngumbaru, yale masomo ya jioni ya watu wazima, na yeye alivaa koti lenye vifungo vya shaba. Nani angebishana na vifungo vile?

Kituo chetu kilikuwa kidogo, upande huu wa Kibwezi, lakini kila asubuhi ya kazi ungedhani Ukambani mzima unahama. Mimi nilikaa nyuma ya dirisha na mhuri wa tarehe, nikigonga mpaka mbao zinatetemeka. Tiketi niliyoipenda ni ile ya mwezi, ya Jumatatu hadi Ijumaa, ambayo sisi wa reli tuliita sizoni. Kadi ngumu, ya njano, na jina lako juu yake.

Vijana wa kanisani huniuliza hadi leo namna ya kuokoa nauli. Ni rahisi. Sizoni yetu ilikuwa bei ya nauli za siku kumi na sita. Mtu wa kazi husafiri siku ishirini na kitu, kwa hivyo zinazozidi ni zako. Ila kwanza toa sikukuu na likizo. Ukiinunua halafu usafiri siku kumi na nne, umeipa reli zawadi, na reli haisemi asante.

Enzi zile Mama Mwende alisikia hesabu hiyo akaja dirishani. Alichambua bamia kwenye shamba la kunyunyizia maji, mbele kwenye njia ya reli, na alitaka kununua tangi kabla ya mvua ya Novemba. Mvua ikipita bila tangi, ni kuchota mtoni mwaka mwingine mzima, na mgongo wake ulikuwa umeanza kukataa.

"Karani, hii kadi italeta tangi au italila?"

"Mwaitu, mama yangu, utavuna maji mpaka majirani waje kuogea kwako. Ila Jumamosi uilete ione garimoshi."

"Ione kwa macho gani?"

"Wewe ilete tu."

Akaileta. Wengine nao wakaleta. Kila Jumamosi gari la mizigo likipita, watu wangu walisimama wamepanga mstari, kadi zimeinuliwa juu, nami nikijiona mchungaji mwenye kundi kubwa kuliko la kanisa lolote Makueni.

Septemba nikamuuliza Mama Mwende tangi limefika wapi.

"Limeishia hapa stesheni," akasema. "Jumamosi nilikuwa nikipalilia shamba la mwalimu wa shule kwa ujira. Sasa natembea mwendo wa saa mbili kuja kuonyesha gari kadi, na mwalimu amepata mtu mwingine. Unachoniokolea Jumatatu unakichukua Jumamosi, karani."

Nilikosa usingizi, lakini si imani. Nikamwambia avumilie, kadi isilale.

Jumamosi iliyofuata alifika stesheni masta mpya, mtu mrefu, mkimya, aliyehamishwa kutoka upande wa Mombasa. Akatazama ule mstari.

"Karani, hawa wanampungia nani?"

"Hawapungi, bwana mkubwa. Wanaamsha sizoni."

Mama Mwende akacheka mpaka akashika ukuta. Stesheni masta hakucheka.

Mwalimu alimrudisha Mama Mwende shambani wiki hiyohiyo, kwa barua ya stesheni masta mwenyewe, na mvua ya Novemba ilikuta tangi limekaa kwenye msingi wake. Nimekunywa maji yake. Hakuna soda inayoyafikia. Mimi nilihamishwa stesheni nne, nikapanda cheo, nikastaafu na saa ya ukutani isiyokosea hata dakika. Siku hizi nakaa Nunguni ambako hakuna reli, na bado kila Jumamosi mkono huenda mfukoni kutafuta kadi.

Walionifundisha kazi ni wengi, lakini siku ile ya mstari ndipo nilipohitimu kweli. Stesheni masta aliichukua kadi ya Mama Mwende, akaigeuza pande zote mbili, akamrudishia.

"Karani," akasema, "hii ni karatasi. Imeandikwa Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi mwache mama aende kazini."