Neno Alilolikaza Somayajulu

Somayajulu alikuwa msomaji wa maneno ya sadaka katika kijiji chetu kando ya mto Godavari, na kwa miaka arobaini alituchosha kwa kisa kimoja. Indra, mfalme wa miungu, alimuua mwana wa Tvashtri, fundi wao. Tvashtri akawasha moto, akamwaga samli, akaomba azaliwe muuaji wa Indra. Lakini katika lugha ya sadaka hilo ni neno moja tu: ukilikaza kwa sauti mwishoni, maana yake ni anayemuua Indra. Ukilikaza mwanzoni, Indra ndiye muuaji. Tvashtri akakaza mwanzoni. Mlipiza kisasi akazaliwa mkubwa kama mlima, na Indra akamuua.

"Umeona ulimi unavyoua?" alizoea kusema, huku akimvuta sikio mwanafunzi aliyekosea.

Kisha binti yake wa pekee, Kamakshi, akatolewa kisimani nyumbani kwa mumewe, amekufa. Kateleza, walisema wakwe. Subhadra, mama yake, alimwosha na kuona alama za vidole shingoni.

"Twende polisi, Baba Kamakshi, kabla hatujamchoma. Huyu ndiye shahidi tuliye naye."

"Polisi watahongwa. Moto hauhongwi."

Mimi jirani yao nilikuwepo, na sikufungua mdomo. Najichukia hadi leo. Mwili ukachomwa. Siku ya kumi na nne Somayajulu akawasha moto wake, akamwaga samli, na katika neno lile akaliweka jina la mkwe mahali pa Indra.

Mkwe hakuugua hata mafua. Mwaka haujaisha akaoa tena, akanenepa. Aliyekonda ni Somayajulu. Aliacha kufundisha, akawa anamwambia kila apitaye: "Nilikaza vibaya. Kilio kilinikaba, neno likapinduka." Watu walimhurumia, wakamletea maziwa na ndizi. Mimi alinikera, maana niliona anavyolikumbatia hilo kosa lake.

Siku moja alikuwa akiyarudia hayo mbele yangu. Subhadra, aliyekuwa akipepeta mchele, akaweka ungo chini. Mwanamke haruhusiwi kuyatamka maneno ya moto, lakini hakuna aliyemziba masikio.

"Nilikuwa nyuma ya mlango siku ile. Hukukosea."

"Nilikosea, Mama Kamakshi."

"Ulikaza mwishoni." Akalitamka neno zima, jina la mkwe na yote. "Hivi. Ulilisema hivi hivi."

"Kama nililisema sawasawa, mbona yuko hai?"

"Ungeniuliza hilo," alisema Subhadra, "kabla hatujamchoma mwanangu."