Mbwa wa Kupita Tu

Kwetu Lurambi mbwa ni wengi kuliko wenye mbwa. Utamkuta amelala mlangoni kwa mtu, jioni anatupiwa obusuma, ugali wetu, na mtu huyo huyo, lakini muulize mwenye nyumba uone atakavyomruka: mbwa ni wa jirani. Sababu ni kuku. Ukishakubali mbwa ni wako, kila kuku atakayepotea mtaani ameliwa na mbwa wako.

Jirani yangu Milcah, muuza mahindi ya kuchemsha, alikuwa bingwa wa kuruka. Mbwa wake mwekundu, Watasema, alimfuata hadi kanisani na kulala chini ya benchi lake. "Hiyo si yangu," alituambia bila haya. "Hupitanga tu." Nilimpenda kwa uongo ule, maana haukuwa na hata pa kujificha.

Mwaka huu kichaa cha mbwa kiliua ndama wa watu, na watu wa mifugo wakapita kila boma kuhesabu mbwa na paka na kuwachanja. Daktari Chepkirui alitueleza wazi: mnyama aliye na mwenyewe atachanjwa na kuvishwa ukanda shingoni; asiye na mwenyewe ataondolewa. Sote tulielewa kuondolewa ni nini.

Alipofika kwa Milcah, Watasema alikuwa amemlalia miguuni. Na pale kwenye ua alisimama jirani yetu Shikanga, baba yake Ashley, ambaye tangu Krismasi alikuwa akimtafuta aliyekula jogoo wake.

"Mama, hii mbwa ni ya nani?" daktari aliuliza.

Milcah alimtazama Shikanga, akamtazama mbwa.

"Ni yangu," alisema. "Na ile ingokho yako, Baba Ashley, ni yeye alikula. Nisamehe."

Shikanga aligeuka akaenda zake, nami nikamtukana kimoyomoyo. Watasema alidungwa sindano, akafungwa ukanda, na Milcah akawa anafuta machozi kwa leso.

Ndipo Shikanga akarudi, kwapani amebana paka mnene ambaye miaka yote alituapia kwamba ni wa shule.

"Daktari, hesabu hii pia. Ni yangu." Kisha akamwambia Milcah, macho chini: "Ndiyo humalizanga maziwa yako, Mama Tevin."

"Najua," alisema Milcah. "Ndiyo maana hiyo sufuria sifunikangi."