Sauti Niliyotuma kwa Grupu ya Msikiti

Wacha niseme ukweli, mpaka leo nikiingia msikiti wetu hapa mtaa wa Pioneer naangalia chini, na kosa si la mtu mwingine, ni langu na hiki kidole changu.

Mke wangu Zainabu, mama wa binti yetu Amina, alikuwa ameanza kuficha simu, nikiingia tu anailaza kifudifudi. (Ule mwaka wa vita vya kura, tulipokimbia kutoka mji wa Moi's Bridge na nguo za mwilini tu, tulikuwa na simu moja sisi wawili na hatukufichana kitu.) Ijumaa moja ametoka kuanua nguo, simu ikalia, nikajiambia nachungulia kidogo tu, nikaona mtu anaitwa Baba Kip ameandika: "Asante Mama Amina. Usimwambie mzee bado." Damu ikanipanda, sikumuuliza, nikamrekodia kakangu Idi sauti ndefu, eti Zainabu ananizunguka, eti nimefuga nyoka, na mengine siwezi kurudia mbele yenu, nikatuma, kumbe (ya Allah!) nimetuma kwa grupu ya msikiti, imamu ndani, baba mkwe ndani, mpaka mama wa maandazi.

Kabla ya Alasiri imamu na wazee wawili walikuwa sebuleni kwangu. Zainabu hakulia. Alimpa imamu simu yake, akasema, "Soma yote, kwa sauti."

Kumbe huyo Baba Kip alikuwa jirani yetu wa zamani kule Moi's Bridge, ila kwa hasira sikumkumbuka. Mtoto wake alikuwa kati ya wale waliochoma nyumba yetu, na mzee wa watu alikuwa anatafuta njia ya kuja kuniomba msamaha, ila ananiogopa.

"Mbona hukuniambia?" nikauliza.

"Nimejaribu mara tatu, kabla hajaniomba nisiseme bado. Kila mara unasema ngoja, unamalizia video."

Imamu akatikisa kichwa. "Dini imetukataza dhana mbaya na kupekua siri, wewe umefanya yote mawili na ukatangaza. Pale ulipomvunjia heshima, hapo hapo utairudisha."

Nikarekodi msamaha wakinisikiliza, nikautuma kwa grupu ile ile.

Wazee walipotoka, Zainabu akasema, "Hapo umeomba grupu. Mimi bado."

Kumwomba yeye, macho kwa macho, kulikuwa kugumu kuliko ile grupu yote. Na Baba Kip alipokuja wiki iliyofuata, kofia mkononi, nilimtangulia kuomba msamaha kwa kumdhania vibaya, yeye akabaki ameduwaa. Siku hizi jambo likiniuma namuuliza mke wangu mwenyewe, hata kama naogopa jibu.