Bi Rahila na Kura ya Makonyo

Bi Rahila binti Himid ana maneno mengi, na hilo mwenyewe halikatai. Akija kiwandani asubuhi huanza kusema kabla hajafika mlangoni. Kiwanda chenyewe si kikubwa: banda la bati pembeni mwa Chake Chake, tanuri moja, mapipa kadhaa, na wafanyakazi kumi na wawili wanaochemsha majani ya mkarafuu na kukinga mafuta yake. Kwa miaka kumi na tisa sheria zake zimekuwa mbili tu. Majani yaokotwe chini, mti usiguswe. Na mafuta yasichanganywe na chochote, hata mnunuzi apige magoti.

Mwaka huu magoti yaliyoanza kulalamika ni yake mwenyewe. Wanawe wako Muscat na hawataki kusikia habari za tanuri. Alikuja tajiri mmoja kutaka kukinunua kiwanda, akasifu kila kitu, kisha akauliza waweza kutia mafuta ya kupikia kiasi gani kabla watu hawajagundua. Bi Rahila akamnywesha chai, akamsindikiza hadi kwenye gari, na mlango wa gari akaubamiza yeye.

Ndipo akaamua kiwanda kiwe cha wafanyakazi. Hisa zote ziingie kwenye mfuko wao wa pamoja, naye alipwe polepole kutokana na faida. Wakili akaandaa karatasi, saini Alhamisi.

Lakini kuna jambo lilimkera. Pale kiwandani, mdogo hambishii mkubwa mbele za watu. Kila mkutano Bi Rahila akiuliza, "Mwaonaje?" jibu lilikuwa, "Sawa, Bi." Alikuwa anawakabidhi kiwanda watu ambao hawajapata kumwambia hapana hata siku moja. Jumatano akaamua kuwajaribu.

"Mie naona," alisema, uso mkavu kabisa, "mafuta ya safari hii tuyachanganye kidogo. Anayekubali anyanyue mkono." Na wake akaunyanyua kwanza.

Mikono kumi na miwili ikapanda juu. Haroub, mwashaji wa tanuri, aliunyanyua wake huku amefumba macho, kama mtu anayechomwa sindano.

"Astaghfirullah!" Bi Rahila alipiga ukelele. "Miaka kumi na tisa naimba wimbo mmoja! Haroub, huoni haya?"

"Si wewe ulonyanyua, Bi?" Haroub alijibu kinyonge. "Mie n'nani nikubishie? Wewe kwangu mama."

Bi Rahila akawaka. Akawaambia wazi kwamba watu wasioweza kumkatalia yeye hawataweza kumkatalia tajiri yeyote, na kama mambo ndiyo haya, kesho hatii saini.

Aliyemjibu ni Mgeni, msimamizi wa kujaza chupa, mwanamke mkimya ambaye kwenye mikutano hutazama vidole vya miguu yake. "Basi kesho utoke nje, Bi, tupige kura wenyewe. Karafuu kavu ndiyo, konyo, kile kijiti chake, hapana. Kila mtu atie mtungini, asionwe."

"Mpigie kura jambo gani?"

"Lile sharti lako."

Kweli, katika zile karatasi kulikuwa na sharti moja: kwa miaka miwili, pipa lisitoke kiwandani mpaka Bi Rahila alinuse. Sharti hilo alilipenda kuliko karatasi zote. Akakubali upesi, maana hakuona vipi mtu mwenye akili angelikataa.

Alhamisi asubuhi alikaa nje na wakili, akimsimulia uzuri wa pua yake. Mgeni akatoka na mtungi, akaumimina juu ya meza. Karafuu moja. Makonyo kumi na moja.

"Mmenikataa?"

"Tumelikataa sharti, Bi, wewe hatujakukataa." Sauti ya Mgeni ilikuwa ndogo, lakini macho hakuyashusha. "Jana ulikosea makusudi nasi tukakufuata. Siku ukikosea kweli, nani atakwambia? Pua zetu umezifunza wewe. Ziwache sasa zifanye kazi."

Ilimuuma, hakuna haja ya kuficha. Alitaka kubisha. Alitaka kujua ile karafuu moja ni ya nani. Alitaka na kulia kidogo, lakini wakili alikuwa karibu mno. Na hapo hapo alifurahi mpaka akajionea ajabu, kwa sababu Mgeni amemtazama usoni na kumwambia hapana, na dunia ipo vile vile.

"Lifute," alimwambia wakili.

Haroub na Mgeni wakatia saini kwa niaba ya wenzao, wakaaga kwa heshima. Bi Rahila akabaki na kurasa zake, akaziandika jina moja moja bila haraka. Alipomaliza akaweka kalamu, akavuta pumzi, akageukia bandani na kupaza sauti, "Haya jamani, rudini kazini!"

Hapakuwa na wa kuambiwa. Moshi wa tanuri ulikuwa umeshapanda kitambo.