Nyanya Zilizotangulia Kuiva

Harufu ya majani ya nyanya hainiachi. Si harufu ya nyanya yenyewe, hiyo kila mtu anaijua. Nasema ile kali, ya kijani, inayobaki vidoleni ukivunja machipukizi na inayokataa sabuni. Juzi binti yangu alitoka nyuma ya nyumba yetu hapa Thika, gauni lake limejaa harufu hiyo, ameshika nyanya nyekundu, ya kwanza msimu huu, ananinyooshea. Nilimpiga kofi mkononi kabla sijajua ninafanya nini. Nyanya ikabiringika ikatua kitako juu, na kitako chenyewe kilikuwa cheusi, kimebonyea, kikavu kama ngozi ya kiatu kilichotupwa. Mtoto akalia. Mimi nikakaa chini pale pale kwenye udongo, mama mzima mwenye watoto wawili, nikawa tena na miaka tisa.

Nilipokuwa na miaka tisa, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni ilikuwa imeshatuhamisha kwenye nyumba zetu na kutusonga kijijini karibu na Ruiru. Nyumba zilipangwa mistari, handaki refu likazizunguka, lango lilikuwa moja na kufuli moja. Baba alikuwa kizuizini, wapi hatukuambiwa. Mama alibaki na mimi, na ndugu yangu mchanga mgongoni, na kipande cha shamba kando ya mto ambacho baba alipewa na babu. Asubuhi wanawake walipelekwa kazi ya lazima, kuchimba matuta ya watu wengine. Alasiri lango lilifunguliwa kidogo, kila mtu akimbilie shambani kwake, kisha filimbi ilie. Na askari wakikasirika, au wakiamua tu, lango halikufunguliwa siku tatu, siku nne, mara nyingine wiki nzima. Tulikula nini siku hizo? Wale waliofunga ndio wa kuulizwa. Katikati ya shida hiyo ikaja habari kwamba wazee wa kamati watapita kugawa mashamba upya. Wakasema mke wa mtu aliye kizuizini ataachiwa shamba la mto akionyesha kwamba analiweza; asipoliweza atapewa kipande kule juu kwenye mawe, na la mto litapewa mwenye nguvu. Mama akapanda nyanya, kwa sababu nyanya ndizo bwana shamba alizokuwa akizisifu kila mkutano.

Zilimea vizuri, hilo nalikumbuka. Tulichota maji kwa debe, mama la kichwani, mimi kijikebe changu. Lakini maji yenyewe yalikuwa ya kufuata kufuli. Siku tano udongo unapasuka, siku ya sita lango likifunguliwa tunamwaga maji mpaka mizizi inaogelea, halafu tena siku nne hakuna hata tone. Matunda yalipofika ukubwa wa yai la njiwa, kitakoni palitokea alama kama pamelowa. Wiki ya pili ikawa kahawia, ya tatu nyeusi. Juu tunda linang'aa, chini limeoza. Bwana shamba alikuja na mbolea nyeupe ya chumvichumvi, akamwamuru mama aitie kwa wingi. Majani yakanenepa, yakawa ya kijani mpaka yanatisha, na vitako vikaoza zaidi. Wanawake wa mstari wetu wakaanza kunong'ona kwamba mke wa mfungwa ana mkono mbaya, akigusa kitu kinaoza. Aliyenong'ona kwa sauti kubwa kuliko wote ni jirani yetu, mama Kariuki, ambaye mumewe alikuwa homugadi, mlinzi wa kijiji upande wa mkoloni, na ndiye aliyeshika funguo za lile lango. Nasema hivyo wazi. Sina sababu ya kuzungukazunguka.

Mama hakubishana nao. Alikuwa na kazi yake, ya kuchuchumaa na kupitisha vidole viwili chini ya kila nyanya, moja baada ya nyingine, kama mtu anayemgusa mtoto kuona amelowa. Na kwa vidole hivyo aliona kitu ambacho wasomi hawakukiona. Safu ya chini kabisa, iliyokaribiana na mto, ambako udongo haukauki hata lango likifungwa, haikuwa na nyanya hata moja iliyooza. Mbegu ni hiyo hiyo, mbolea hiyo hiyo, mkono ule ule mbaya. Akamwambia bwana shamba kwamba nyanya zinaoza kwa sababu lango linafungwa. Yule bwana akacheka, akawatazama askari ili nao wacheke.

“Mama, nyanya haina saa,” alisema. “Itajuaje kwamba lango limefungwa?”

Kamati ilikuja siku ya jua kali. Mama aliniambia nisimame kando ya njia, nisiguse chochote. Sasa mimi, katika kijani kile chote, nikaiona nyanya moja nyekundu. Moja tu. Nikafikiri nitamsaidia mama. Nikaichuma, nikakimbia, nikampa bwana shamba kwa mikono miwili na magoti yamekunjwa, kama nilivyofundishwa kumpa mkubwa kitu. Akaigeuza. Akawainulia wazee ule weusi waone. Baba Kariuki, aliyekuja nao na bunduki begani, akauliza kama hiyo ndiyo iliyochaguliwa kwa wageni.

Mama alisogea mbele. Sauti yake haikupanda.

“Mtoto amechuma iliyotangulia kuiva. Zinazotangulia ndizo mbovu, ugonjwa unaziharakisha. Shukeni muone safu ya chini.”

Hakuna aliyeshuka. Kutoka pale waliposimama hadi mtoni zilikuwa hatua ishirini. Nimezihesabu baadaye, nikiwa mtu mzima, na nilizihesabu kwa hasira. Hatua ishirini za mteremko mwepesi, na wanaume saba wenye viatu hawakuweza kuzishuka. Wiki hiyo tulipewa kipande cha mawe, na shamba la mto likaenda kwa baba Kariuki. Mama hakunipiga, wala hakunigombeza. Alinisugua mikono kwa majivu na maji, taratibu, mpaka ngozi ikawasha, na harufu haikutoka.

Miaka ikapita, nikafika sekondari, na siku moja mwalimu wa sayansi akachora nyanya ubaoni, akatia kitako chake weusi. Akasema hiyo si laana wala si ugonjwa wa kuambukiza, ni tunda kukosa kalsiamu, madini yale yale yaliyo katika chokaa na ganda la yai. Mara nyingi madini yenyewe yamo udongoni, ila hupanda na maji tu, na majani ndiyo hupokea kwanza. Maji yakikatika, tunda ndilo linalokosa, na linakosa kitakoni, mahali pa mwisho kufikiwa. Ukizidisha mbolea ya majani, majani yanajichukulia yote. Ukimwagilia kidogo kidogo bila kuruka siku, ukafunika udongo kwa nyasi kavu, ukatia chokaa kabla ya kupanda pale udongo ulipo mchachu, matunda yanayofuata yanakuja mazima. Nilifunga daftari nikatoka darasani bila ruhusa, na nikaadhibiwa. Nyanya ilikuwa na saa. Ilihesabu kila siku lango lilipofungwa.

Mwaka huu Kariuki, mtoto wa yule yule mshika funguo, alianza kuleta nyanya za shamba lile sokoni hapa Thika. Nilizigeuza mbele yake, zilikuwa nyeusi chini. Anafanya kazi kiwandani, humwagilia Jumamosi na Jumapili tu. Akaniuliza kwa adabu kama najua dawa. Nikamwambia aende Ruiru akamwulize mama yangu, yeye ndiye anayelijua shamba lile. Nilitaka neno hilo limwume. Badala yake alienda kweli, na mama akamfundisha yote, bure. Nilifunga safari kwenda kumgombeza mama. Nilimkuta anapukuchua mahindi, nikamwuliza anawezaje kuwasaidia watu wale. Hakuacha kupukuchua.

“Tulienda naye shambani, Njeri,” alisema. “Nikamwambia ashuke aone safu ya chini. Akashuka.”

Kwake hilo limetosha. Kwangu halijatosha, na sitasema limetosha ili nionekane mtu mwema. Lango liling'olewa zamani, handaki limefukiwa na watu wamepanda viazi juu yake, na shamba la mto bado lina jina la baba Kariuki kwenye karatasi. Nyanya zangu za mwaka huu, hakuna aliyezifungia lango. Nilijifungua, nikalala wiki mbili, hakuna aliyemwagilia. Sasa nimetandaza nyasi, namwagilia kila jioni, na binti yangu anajifunza kupitisha vidole viwili chini ya kila tunda. Nimemwomba msamaha kwa lile kofi. Nimemwambia akipata iliyooza ailete tu, na mimi nitashuka naye mpaka safu ya mwisho.