Historia ya Kizazi cha Tisini

Sogeeni niwaambie habari za mkaguzi mmoja ambaye kiwandani walimwita Mama Jicho. Miaka kumi na tisa alikaa kwenye hadubini, akikagua visahani vya silikoni vinavyokatwakatwa kuwa chipu. Kila miaka michache kiwanda kilijifunza kuchora njia nyembamba zaidi za umeme, na kila hatua ikaitwa kizazi. Hiki cha Tisini kilipimwa kwa nanomita tisini. Unene wa unywele wako mmoja unazidi hapo karibu mara elfu.

Kilizaliwa kwa taabu. Mwaka wa kwanza, chipu tisa katika kumi zilikufa. Meneja akafukuza wafagizi wote, eti wanaingiza vumbi. Mmoja wao alikuwa mdogo wake Mama Jicho, mwanamke anayesugua mpaka nyuma ya jiko. Tangu siku hiyo hakuna aliyempa kazi ya usafi tena.

Mama Jicho alipanga tarehe za visahani vibovu, akazilinganisha na daftari la mlangoni la wanaoingia. Kila kundi lililoharibika, Meneja alikuwa ameingia chumba cha chipu dakika chache baada ya kuvuta sigara uani, kila mtu akimwona. Pumzi ya mvutaji hutoa chembechembe hata akivaa barakoa. Sheria ilimtaka angoje kwanza, anywe maji. Lakini yeye, Meneja mzima, angoje? Alipopanda cheo akahamia ghorofani, chipu zikapona. Mama Jicho aliogopa kufukuzwa, akameza ulimi. Hata mdogo wake hakumwambia.

Sasa mitambo ya kizazi hicho ilikuwa inazimwa. Meneja akaandika historia ya Tisini itundikwe ukutani, akataka sahihi ya mkaguzi wa siku nyingi, aliyekuwa karibu kustaafu.

"Tia mkono hapa, mama yangu. Wageni wanakuja kesho."

Karatasi yenyewe ilinuka sigara. Akasoma: *Tatizo liliisha tulipoondoa wafagizi wachafu.* Mate yakamjaa mdomoni kama mtu aliyetafuna mende.

"Wachafu nani?"

"Mambo ya zamani hayo. Nani anamkumbuka mfagizi?"

"Mimi nakula naye kila Jumapili."

"Usiposaini, sherehe ya kukuaga usahau."

"Keki yako kailie huko na moshi wako."

Akaikata sentensi ile, juu yake akaandika tarehe zote alizoingia Meneja na moshi wake chipu zikafa, ndipo akatia sahihi. Ukutani hakukutundikwa kitu. Nakala aliibeba mwenyewe mpaka kwa mdogo wake.

Mdogo wake aliisoma mara mbili.

"Dada, ulijua tangu lini?"

"Tangu mwaka uleule."

Mdogo akaikunja, akaitia kifuani, akafungua mlango.

"Hii nitawaonyesha watu. Wewe nenda kwanza. Sitaki kukutazama leo."